Mwavuli wa Mwenda

Kaka Mugendi,

Pokea salamu za Kibirichia, ambako baridi inafanya hata viazi vitamani sweta. Leo binamu yetu Mwenda alinibeba kwa pikipiki yenye mwavuli mkubwa, kama ule unaotaka kufunga kwenye yako. Alikimbia kama mwizi. Nikamwomba apunguze mwendo.

"Nyinyi watu wa Embu ni waoga," akacheka. "Upepo wa huku unanijua!"

Kweli unamjua. Ulitupiga ubavuni, mwavuli ukavimba, ikabidi ailaze pikipiki upande unakotoka upepo ndiyo twende sawa. Tulipofika penye mikaratusi, miti ikaukinga upepo ghafla, naye bado ameilaza pikipiki. Tukaacha barabara tukaingia shambani. Mimi niliyemaliza shule bila kuinua mkono darasani nilipiga mayowe mpaka wachimba viazi wakaacha majembe.

"Nilitaka tu uone viazi," Mwenda akawaambia watu, matope mdomoni.

Hatukuumia, lakini nilirudi kwa miguu. Kaka, tafadhali, usifunge huo mwavuli. Shati likinyeshewa tutalianika. Wewe ukivunjika nitakuanika wapi?

Dada yako akupendaye,
Wawira