Kwa Baba Jerop, Aliyeondoka na Gambuti Zake

Mpendwa Baba Jerop,

Sijui nikuandikie wapi, kwa hivyo nakuandikia kila mahali. Jerop ataiandika barua hii upya kwa mwandiko wake wa shule, mara nyingi kadiri karatasi zitakavyotosha, kisha nitaibandika kwenye duka kule Soy, kwenye soko la Moiben, na kwa yule mama wa Langas anayewauzia vibarua chai. Watu watasoma mambo yetu. Wasome. Aibu yangu niliimaliza mwezi wa kwanza wa kukutafuta.

Mahindi yamekauka shambani. Uliyapanda wewe, kwa mistari iliyonyooka vile unavyopenda, na sasa yanangoja kuvunwa na wewe hujulikani ulipo. Watu wananiambia nivune, maisha yaendelee. Nitavuna, watoto lazima wale. Lakini kila nikishika panga naona kama naifuta kazi ya mikono yako, na ninalirudisha panga ukutani.

Unakumbuka siku tuliyohamia hapa? Shamba la yule mzungu tuliyemwita Bwana Kofia lilikuwa limekatwa vipande, na kila mwanachama wa kampuni yetu ya kununua ardhi akaonyeshwa mawe yake ya mpaka. Wewe ulikuwa umeendesha trekta ya yule mzungu tangu ujana wako. Ulisimama katikati ya kipande chetu ukacheka, halafu ukakaa chini kwenye nyasi. "Mama Jerop," ukasema, "mimi nimelima hii mahali miaka yote hiyo, na hakuna siku nilikaa chini." Nikakaa kando yako na gauni langu la kanisani, umande ukaliharibu. Nilikuwa na furaha mpaka nikaiogopa.

Ugonjwa ulikuja polepole. Ulianza kuamka kabla ya ng'ombe, ukasimama langoni na gambuti zako za mpira kama mtu anayengoja kupewa kazi. Nilidhani ni bidii, nikakusifu mbele ya majirani. Halafu ukaanza kulala nazo miguuni. Nilipokuuliza, ukasema Bwana Kofia anaita. Nikakwambia Bwana Kofia alienda kwao, sisi wenyewe tulimwona akipanda gari na mbwa wake. "Amerudi," ukasema. "Anasema, boi, wapi trekta? Nani nakwambia kaa kwa shamba yangu?" Uliitoa sauti yake vizuri hivi kwamba Jerop alicheka. Kisha tukaona kwamba hukuwa unaigiza.

Wakati ule hatukujua kitu. Tulijua yale ambayo kila mtu anayajua, na mengi yalikuwa uongo. Wengine walisema ardhi ya wazungu ina laana, wengine wakasema umerogwa, na wengine walinitazama mimi na sufuria zangu, kana kwamba nilikulisha kitu. Ulipotaka kukimbia, ndugu yako Kiptoo alikufunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, na mama yako akakuombea kwa kelele mpaka hata mimi, mwenye akili yangu, nikaanza kusikia sauti. Alama ya kamba ilibaki kwenye mkono wako wa kulia. Sista wa hospitali alituambia baadaye kwamba hatukukuchukia siku ile, tuliogopa tu. Ni kweli. Lakini kamba ya mtu anayeogopa inakata sawa na ile ya mwenye chuki.

Huyo Sista ndiye aliyetufungua macho. Ulipotoka hospitali ya mjini, tulikokupeleka mwishowe, alikufuata nyumbani kwa Landrova yao ya hospitali, Sista Nafula wa kutoka Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alikataa chai mpaka watu wote wa nyumba wakae. Kiptoo akataka wewe utoke nje kidogo ili wazungumze juu yako. "Mwenye ugonjwa ni huyu," Sista akasema. "Tukimtoa, tutafundishana nini? Akae." Ukakaa karibu na mlango. Nilikuwa nakutazama, nikaona mabega yako yakishuka.

Redio yako ya betri ilikuwa mezani. Sista akaizungusha mpaka ikashika stesheni mbili pamoja, huyu anahubiri na yule anatangaza mpira. Akauliza, "Hii redio imerogwa?" Mama yako akasema hapana. "Tukiifunga kamba itaacha?" Kiptoo akatazama miguu yake. Ndipo akatueleza kwamba kichwa kinaweza kuugua kama vile kifua kinavyougua, kwamba unachosikia wewe unakisikia kabisa, huongopi, hujalaaniwa, na kwamba kelele zetu na ugomvi wetu ndani ya nyumba vinaiongezea ile sauti nguvu. Wewe ukainua mkono kama mtoto wa shule. "Sista, yangu ni mbaya kuliko redio. Inanituma kazi, na hailipi." Tukacheka sote, mama yako mpaka akajifuta machozi na leso. Kicheko kilikuwa kimehama nyumba hii, na kilirudishwa na wewe mgonjwa.

Alitufundisha la kusema. Tusikwambie hakuna sauti, maana huko ni kukuita mwongo. Tusikwambie ipo, maana huko ni kukusukuma shimoni. Tuseme, "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua." Alitufanyisha mazoezi mmoja mmoja. Mama yako alikuwa anasahau katikati, anamalizia na "kwa jina la Yesu", na Sista anamwambia, "Sawa mama, hiyo pia ongeza, lakini pole pole, si kwa kelele." Akatuuliza dalili ya kwanza ni gani, ile ya kutuamsha kabla mambo hayajaharibika. Tulikuwa tunabishana, ukajibu mwenyewe. "Mkiona nalala na gambuti, jueni."

Kulikuwa na neno moja zaidi, na ndilo linaloniua. Sista alisema, "Akianza kuwa mzuri, msiseme amepona. Semeni ana nafuu. Nafuu inatunzwa kama ndama, kila siku. Ukisema amepona, mtu anatupa dawa." Mama yako akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Lilionekana jambo dogo la maneno.

Ukawa na nafuu, Baba Jerop. Naomba nikae kidogo kwenye mwaka ule, maana ndio nilio nao. Ulimeza dawa kila asubuhi na uji. Ulilalamika kwamba mikono inatetemeka kwenye usukani wa trekta ya kampuni, na Sista akaenda kumwomba daktari akupunguzie. Ulipeleka maziwa kwenye chama cha wafugaji ukapiga stori na wenzako. Gambuti zilikaa mlangoni, na mimi nilikuwa nikipita naziangalia kama mtu anayeangalia moto aliouzima.

Halafu ikaja ile Jumapili ya ushuhuda. Mama yako alisimama mbele ya kanisa, amevaa kitambaa chake cheupe, akasema, "Mwanangu alikuwa kichaa, mlimwona. Leo amepona kabisa." Makofi yalivyolia, ukanitazama mimi, si yeye. Simlaumu kwa kumshukuru Mungu. Mimi pia nilimshukuru, na bado namshukuru kwa mwaka ule. Lakini angesema nafuu. Mungu hangekasirika kwa neno nafuu.

Njiani ukaniambia, "Umesikia mama. Sasa nikizidi kumeza ile dawa, si nimemfanya mwongo mbele ya kanisa?" Nikakukumbusha maneno ya Sista. "Nafuu ni ya mtu wa kitandani," ukasema. "Mimi niko kwa trekta." Nilikuomba, nikagombana nawe, nikakuwekea kidonge kando ya uji, na kila siku nikakikuta palepale. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, Landrova ikashindwa kufika. Ulipanda mahindi, ukamaliza, na jioni moja nikaona umelala na gambuti.

Nilijua la kusema. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba nilijua. Nikakaa kitandani, nikashusha sauti, nikasema, "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua." Ukageuza uso ukanitazama kwa huruma. "Hayo umefundishwa na Sista," ukasema. Sikuwa na sentensi nyingine. Nilikaa pale nikiwa nimeshika mguu wako juu ya ile gambuti, na wewe ulikuwa umeshaondoka ingawa mwili uko.

Siku ya pili yake, mchana, Kiptoo alikuja. Nilikuwa nimemwita anisaidie tukupeleke mjini taratibu, kama tulivyofundishwa. Alikuja kwa nia njema, lakini alikuja na ile kamba ameificha nyuma ya mgongo. Hakukugusa. Uliiona ncha yake ikining'inia, ukaniangalia mara moja, ukapita katikati ya mahindi machanga bila kukanyaga hata mche mmoja. Tulikuita mpaka sauti zikakauka.

Tangu siku hiyo natembea. Nilisikia Langas kuna mtu wa gambuti anayeongea peke yake, nikaenda, nikakuta ni fundi wa visima anayeimba. Nilisikia Soy kuna mwingine, nikaenda siku ya soko. Nilimkuta watu wamemzunguka, wanamtupia magunzi ya mahindi na kucheka. Hakuwa wewe. Nilisikia raha kwamba si wewe, halafu nikaona haya kwa ile raha. Nikanunua chai, nikawaomba watu wasogee, nikaweka kikombe chini, nikarudi nyuma kidogo, kama Sista alivyosema, ili achague mwenyewe. Alingoja muda mrefu. Kisha akakichukua, akanywa, akasema, "Asante mama, ina sukari." Nilikaa chini hapo sokoni nikalia mbele ya watu. Yule naye ana mtu anayemtafuta. Na pengine kuna mwanamke mahali fulani anayekuwekea wewe kikombe chini.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii dukani na si Baba Jerop, nakuomba. Mume wangu ni mrefu, anatembea kama mtu anayeshuka kwa trekta, na mkono wa kulia una alama. Usimkimbilie. Usimcheke, usimwombee kwa kelele, usimwonyeshe kamba hata kama ni ya mbuzi wako. Mpe chai na umwambie kwa upole kwamba sauti ya yule mzungu wewe huisikii, lakini unaona inamsumbua. Halafu nitumie habari Moiben, uliza nyumbani kwa Mama Jerop. Nitakuja kwa miguu kama hakuna gari.

Baba Jerop, nimechoka. Kuna siku nakuchukia kwa kutomeza kidonge kidogo hivyo. Kuna siku namchukia mama yako, na Kiptoo, na mvua, na ile siku uliyokaa kwenye nyasi ukacheka. Wazee wanasema sasa tuzoee. Siwezi. Mtu aliyekufa ana kaburi, anapaliliwa. Wewe nikupalilie wapi?

Lakini Sista bado anakuja. Mara ya kwanza alipokuta haupo nilidhani atageuza gari. Aliomba tukae. Akasema mgonjwa hayupo lakini nyumba ipo, na akirudi anarudi kwenye nyumba, na nyumba iwe inajua kumpokea. Tukakaa, kiti chako tukakiacha karibu na mlango. Kiptoo sasa hazungumzi sana. Kamba ameikata vipande, na hakuna aliyemwambia. Mama yako hasimami tena kushuhudia. Jana nilimsikia akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, anarudia pole pole kama mtoto anayekariri somo, "Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua. Mimi siisikii, lakini naona inakusumbua." Hakulimalizia na kitu kingine. Nilisimama nje na ndoo yangu mpaka akanyamaza.

Kesho nitaanza kuvuna. Mistari miwili ya karibu na lango nitaiacha imesimama, ujue pa kuingilia.

Na ukija na gambuti miguuni, ingia nazo. Hakuna mtu katika nyumba hii atakayekuuliza kama umepona. Tutakuuliza kama umekula.

Safari yako iwe fupi.

Mkeo ambaye bado ni mkeo,
Mama Jerop