Udongo wa Kwao

Mjukuu wangu, mume wangu Tumaini,

Huku Uyole hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, ila mahindi yamebeba. Umeuliza mbona kanisa letu la Waunitariani, sisi tusioshika Utatu, halina picha ukutani, ila udongo tu.

Nilipokuwa msichana tulibishana tuchore nini hadi chai ikapoa, maana kila mmoja alimwona Mungu kivyake. Mama yangu akakasirika: "Basi kila mtu alete udongo wa kwao!" Yeye akaleta mwekundu wa Kalenga. Tuliupaka kwa viganja tukiimba, Kihehe huku, Kisafwa kule, mpaka rangi na nyimbo zikaingiliana kama ukungu.

Mvua ikinyesha ukuta hunukia, na kila mtu hufumba macho akawa kwao.

Karibu na mlango nimekuachia nafasi ya kiganja. Uje na udongo wa huko.

Bibi yako