Koti Ambalo Hukulipiga Pasi Tena

Mpendwa mke wangu,

Niwie radhi kwa kukawia. Tangu tulipokulaza kaburini kwetu Kitui nimeketi mezani mara nyingi na karatasi mbele yangu, na kila mara nimeishia kuandika tarehe tu. Si kwamba nalia. Kama ningekuwa nalia ningekueleza. Naamka, nachemsha chai, nafagia ua hadi kwenye mwarobaini, narudi ndani. Joto la Garissa ni lile lile unalolijua. Leo nina habari ya Sahra, na hiyo haiwezi kungoja zaidi.

Unakumbuka Balambala, mimi mwalimu mkuu wa shule yenye madarasa mawili, wewe muuguzi wa zahanati. Sahra alizaliwa mikononi mwako, asubuhi ya siku ya soko, nami nikiwa nje ya mlango nimeshika birika la maji moto kama mtu aliyesahau kazi yake. Habiba, mama yake, alikuambia, "Huyu mtoto ni wako. Wewe ndiye habaryar yake." Ukaniuliza maana ya neno hilo. Nikakujibu: mama mdogo. Ulitabasamu siku nzima.

Halafu ukame ule. Mbuzi wa Habiba walikufa, kisha ng'ombe, na Sahra, mwenye miaka saba, akaanza kulala darasani. Wewe ndiye uliyesema wapelekwe kambi ya wakimbizi wapate chakula. Nilikuambia wao si wakimbizi. "Njaa haijawahi kuniambia mtu ni wa nchi gani," ukasema. "Inaniletea watoto tu." Nikaandika majina yao kwa mkono wangu kwenye karatasi ya shule. Wakaenda, wakaandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole. Mvua iliponyesha walirudi, Sahra ana mashavu. Sote tulidhani jambo hilo limekwisha.

Tulikuwa tumeshahamia mjini, nami nimestaafu, kiongozi yule alipokuja kuhutubia uwanjani. Ulikuwa mwaka wa mashambulizi na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya uongo. Tulikuwa tumezika watu. Alisema miongoni mwetu wamo wasio wetu, nao watachujwa. Ilikuwa sentensi moja tu, kati ya mzaha na ahadi ya barabara. Wiki iliyofuata kamati ya kuwahakiki vijana wanaoomba vitambulisho iliongezewa meza, askari na maswali. Nikaombwa niketi humo, kwa kuwa sina ukoo hapa. Nilijiona nimeheshimiwa. Ulinipigia pasi koti langu la kijivu.

Siku ya tatu akaingia Sahra, cheti chake cha kidato cha nne mkononi. Aliponiona, mabega yake yalishuka. Alidhani amefika nyumbani. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayemfahamu. Nikasema namfahamu, nilimfundisha.

"Aliwahi kuandikishwa kambini?"

Mapadri walinifunza kwamba ndiyo iwe ndiyo. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza alizaliwa wapi, nami sikuongeza. Karatasi yake iliwekwa upande wa waliokataliwa, kama mgeni wa nchi nyingine. Nilisema kweli, mke wangu, na mpaka leo kweli ile inanitia aibu, kwa sababu niliikata katikati nikaitoa nusu iliyotakiwa na meza.

Hukunigombeza. Uliendelea kunipikia, kunisalimu, hata kuniombea. Koti tu ndilo hukulipiga pasi tena.

Kwa miaka kumi na miwili Sahra aliishi upande mmoja wa mto Tana, kwa kukosa kitambulisho. Chuo cha ualimu kilimwita, hakuweza kwenda. Hata laini ya simu yake ilikuwa kwa jina la Habiba. Aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na mchana biashara ilipolala aliwafundisha watoto wa wauzaji wenzake kusoma, nyuma ya vibanda. Kila tulipokutana alinisalimu yeye kwanza: "Maalim, afya yako?" Ningeliweza kulibeba tusi. Salamu ile ilinishinda.

Na siku ya daraja. Ulipopewa barua ya kwenda hospitali Nairobi, alipanda basi pamoja nasi. "Mgonjwa hasindikizwi na mgonjwa mwenzake," alisema, akinitazama mimi, nawe ukacheka mpaka ukakohoa. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana akapanda askari. Kitambulisho changu alikitupia jicho tu. Chako vivyo hivyo. Sahra hakuwa na cha kutoa.

"Shuka, dada."

"Afande, namsindikiza habaryar yangu. Mama yangu mdogo."

"Mama mdogo Mkamba, wewe Msomali? Hiyo hesabu umefundishwa na nani? Shuka."

Aliyemfundisha hesabu ni mimi, nimeketi hapo hapo. Nilikirudisha kitambulisho changu mfukoni. Abiria walitazama simu zao. Ulimwangalia dirishani mpaka akapotea machoni. Tulipofika Mwingi ukasema, "Ukirudi, nenda ukaiseme ile nusu nyingine." Wiki tatu baadaye nilirudi peke yangu. Nisamehe, sikwenda upesi.

Mwaka huu amekuja kiongozi mwingine, katika uwanja ule ule. Alisema uhakiki wa namna ile umekwisha, na kwamba mtoto wa hapa apewe kitambulisho kama anavyopewa mtoto wa Nyeri au wa Kitui. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakainua mikono wakimshukuru Mungu. Nilisimama kwenye ua wa miti nikingoja kuhisi kitu. Nilichowaza ni kwamba mmoja alifunga kwa kinywa, mwingine amefungua kwa kinywa, na kati ya vinywa hivyo viwili msichana amekuwa mtu mzima. Walakini siwezi kuwatwika wao mzigo wote. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua Sahra. Aliyemjua ni mimi.

Alama za vidole vyake zilikuwa bado zimo katika orodha ya kambi, basi alihitaji shahidi. Nikalivaa koti jinsi lilivyo. Sahra alinikuta langoni mwa ofisi ya usajili akanitazama juu hadi chini.

"Maalim, koti hili limetafunwa na ngamia?"

"Nimelitafuna mwenyewe," nikamjibu. Hakucheka. Alinisafisha vumbi begani, tukaingia.

Ofisa alikuwa kijana wa kwetu. "Mzee, na wewe ni Mkamba. Haya ya Wasomali umeingiaje?"

Nikamwomba radhi kwa kumchukulia muda, kisha nikasema yote: kwamba alizaliwa Balambala, mikononi mwa mke wangu, kwamba aliandikishwa kambini kwa sababu ya njaa, na karatasi niliandika mimi, kwamba nilipoulizwa nilitoa nusu. Alikuwa akiandika. Akauliza, "Mkeo yuko wapi, aje athibitishe?"

Nikamweleza. Kalamu ilisimama. "Pole, mzee," akasema, akanisogezea karatasi nitie sahihi.

Kitambulisho kimetoka jana. Leo Sahra amekileta mwenyewe pamoja na Habiba. "Kibande chake hiki, Maalim," Habiba akasema, akakishika kitambulisho kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Sahra akanisomea mahali alipozaliwa, polepole, mfano wa mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasema anakwenda Kitui kulizuru kaburi lako. Mama yake akamsihi angoje, joto lipungue.

"Hooyo, navuka kesho," akasema, "kabla hajaja kiongozi mwingine kusema."

Nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Kwa hiyo barua hii anakuletea yeye. Nimemruhusu aisome ndani ya basi, lakini baada ya daraja. Akishushwa tena, ataniletea, nami nitaiweka mezani nianze upya. Ikikufikia, ujue amevuka.

Ni mimi mumeo, nikikuomba radhi kama kawaida yangu.