Betri ya Mkwe

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia na kwamba wifi ameacha kukubebesha mizigo ambayo haikuhusu. Mimi ni mzima wa mwili. Ukiniona utasema nimekonda, lakini hilo ulikuwa ukilisema hata nilipokuwa nimenenepa.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nakubaliana na maneno uliyoyachagua yachongwe kwenye jiwe la kaburi la Mama, yale yanayosema alilala mikononi mwa bintiye. La pili, kama uninunulie kidude kipya cha nyimbo, kwa kuwa umeona dukani kinachodumu kutwa nzima bila kuchajiwa. Majibu ninayo, ila yote mawili yanatoka mahali pamoja na inabidi nianzie mbali kidogo. Univumilie.

Hiki ulichonitumia mwaka juzi, ili kinichangamshe ninapopiga pasi nguo za watu, kilifika kimeshachoka. Nakiwasha saa moja asubuhi ninapoanza kazi, ikifika saa nne kimezima. Mimi nilikuwa nakilaani. Mama ndiye aliyekipenda jinsi kilivyo. Tangu kiharusi kimlaze sauti yake ilibaki ya kunong'ona tu, lakini utani wake haukupungua hata chembe. Alikiita Mkwe, akisema ndiye mwanamume pekee niliyewahi kukubali kumsikiliza. Kikizima natoa hedifoni masikioni, naingia chumbani kwake, namgeuza ubavu, nampa maji na vidonge vya saa nne, naye ananiangalia kwa lile jicho lake zima na kuuliza: "Mkwe wangu amekata roho tena?" Tunacheka, nakichomeka kwenye chaji, narudi kwenye pasi. Akihitaji kitu kabla ya hapo alikuwa anagonga kikombe chake cha bati kwa kijiko. Meza yangu ilikuwa mlangoni kwake kabisa, kwa hiyo nilimsikia hata muziki ukiwa juu.

Lakini unanijua nilivyo mbishi. Nikakipeleka kwa Fundi Miwani, yule wa simu na redio pale kona, anayevaa miwani miwili kwa pamoja. Akakifungua, akaguna, akaniambia betri haina ubaya wowote, mimi ndiye ninayeitesa. Nipunguze mwanga wa kioo. Nizime yale madoido ya besi. Niache kurukaruka nyimbo, nichague moja na kuziacha nyingine zifuate. Nifunge vitufe visijibonyeze vyenyewe mfukoni. Nisikiweke karibu na pasi, maana joto ndilo linaloimaliza betri upesi. Na sauti niishushe nusu.

Nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii mwalimu yeyote. Ili kidude kisipate joto nikakitoa mfukoni mwa aproni na kukiweka dirishani penye kivuli. Waya wa hedifoni ni mfupi, kwa hiyo nikaihamisha na meza, nikaisogeza hadi dirishani, upande wa pili wa nyumba. Sauti nilipoishusha nusu sikusikia kitu kwa kelele za yule jirani anayechomelea mageti, basi nikawa nafunga madirisha na mlango wa kati. Nilifanya hayo kidogo kidogo, wiki nzima. Mama aliniuliza kwa nini nimehama. Nikamwambia ni kwa ajili ya afya ya mkwe wake, akatabasamu.

Sasa nikueleze yanayonisibu tangu tumzike. Kidude hiki kinazima saa nne. Nikikiwasha saa moja, kinazima saa nne. Nikikiwasha saa nne kasorobo kikiwa kimejaa chaji, kinaimba robo saa na kuzima, huku alama ya betri ikionyesha imejaa. Nilikirudisha kwa Fundi Miwani, akakaa nacho siku mbili, kikamwimbia mpaka anafunga duka. Akaniambia nikague nyumbani kwangu kuna nini. Alikuwa anatania, lakini mimi nilikichukua nikaondoka bila kucheka. Kwa sababu kikizima, Kaka, na nyumba ikatulia, nasikia bati. Mara tatu, kimya kidogo, mara tatu tena. Kikombe chenyewe nimekizungushia shuka na kukifungia kabatini. Bado nakisikia. Naogopa, na siku ambayo kimechelewa kugonga naogopa zaidi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mama mapacha, jirani wa ukuta wa pili, alikuja kurudisha viti. Akanipa pole, akakaa kidogo, kisha akauliza kwa nia njema tu: "Asubuhi ile ya msiba mlikuwa mnagongagonga nini huko kwenu? Maana ilikuwa muda mrefu." Nikamjibu nilikuwa nafungua mkebe wa rangi uliogoma. Akaridhika, akaenda zake.

Niliwaambia wote, na wewe nikakuambia kwa simu, kwamba Mama alikunywa chai, akasinzia, na hakuamka. Si kweli. Siku ile ndiyo ya kwanza kuyafuata masharti yote ya fundi kwa pamoja. Saa nne ilifika na kidude kikawa kinaendelea kuimba. Niliitazama saa ya ukutani. Sikusahau, Kaka, nataka hilo ulijue. Niliitazama, nikajua ni saa ya maji na vidonge, nikafurahi. Nikasema ngoja nione kitafika wapi, halafu niende nikamwambie mkwe wake leo ni mzima. Saa tano ikapita, nikawa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Saa sita. Kilizima saa saba na dakika chache. Nilipofungua mlango nilimkuta ameegemea ukingo wa kitanda, mkono wake mzima umening'inia, kijiko kiko sakafuni. Kikombe kilikuwa kimebonyea mdomoni, na ukikumbuka nguvu aliyokuwa nayo Mama mwishoni, utajua aligonga kiasi gani. Alikuwa amepoa. Nilikiokota kijiko, nikamlaza vizuri, nikamfunika, ndipo nikapiga kelele za kuita watu.

Kama betri ingekufa saa yake, ningemsikia. Niliihangaikia wiki nzima isife.

Basi majibu yako ni haya. Maneno yale usiyachonge. Hakulala mikononi mwangu, na mimi siwezi kupita hapo kila mara nikasoma uongo wangu umechongwa kwenye jiwe. Andika jina lake na miaka yake, yatosha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Usiponijibu nitaelewa, ila usimfiche wifi sababu.

Na kidude kipya mpe binti yako mkubwa, anapenda nyimbo. Fundi naye ameniahidi betri mpya, nimemkatalia. Nimeirudisha meza mlangoni kwa Mama, na mlango nauacha wazi. Nakiwasha saa moja, nafanya kazi yangu, na kikizima naweka pasi chini, nabeba glasi ya maji, naingia. Nimeanza kuiandika barua hii saa tatu na nusu kikiwa kinaimba. Sasa hivi kimezima. Kalamu naiweka hapa, nisimcheleweshe tena.

Nibusie watoto, na umwambie wifi namkumbuka.

Mdogo wako asiyestahili huruma yako,
Kitindamimba