Rangi Niliyoifuta

Jumanne, mwisho wa Februari 2008. Jua linachoma tangu asubuhi, vumbi kila mahali, na mimi nimevaa sweta. Watu wananiangalia. Waangalie tu.

Leo siandiki nikiwa nyumbani Kawangware. Niko Kibera, Soweto West, kwa saiba ya Mama Atieno, duka lake la intaneti. Sikuwa nimekanyaga huku tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe.

Wekesa hayuko. Mwezi jana niliandika maneno hayo mawili hapa nikashindwa kuendelea. Alitoka kutafuta unga ile wiki ya kwanza ya vurugu, risasi ikampata. Familia ikampeleka Bungoma kwa gari lililosindikizwa na polisi, na mimi nilikuwa mpenzi tu, nafasi yangu haikuwepo. Sikumzika.

Lakini si hilo nimekuja kukiri.

Huu ukurasa mnaousoma, yeye ndiye aliyeuvisha. Kuna faili inayoiambia blogu ivae nini: rangi gani, herufi kubwa kiasi gani, nafasi kiasi gani pembeni. Wekesa aliiandika yote kwa mkato. Nafasi za pande nne alizirusha namba nne mfululizo, bila kusema ipi ni ya juu ipi ni ya chini. Rangi alizitaja kwa alama ya reli, hii #, na vitu vitatu nyuma yake, herufi na namba, ujue mwenyewe. Mimi napiga chapa ofisini kwa wakili. Nimefundishwa neno liandikwe lote, mtu asome. Tuligombana juu ya hiyo faili mpaka majirani zetu wa Kongo, kule Kawangware, wakajua jina lake la Kiingereza, stylesheet. Nilimwambia anaringa. Nikamuuliza, siku ukiwa haupo, nani ataisoma hii kazi yako?

Mimi na huu mdomo wangu.

Ile wiki simu yake haikushika, nilikuwa na hofu, na hofu yangu ikija huwa inavaa hasira. Ofisi ilipofunguliwa nikakaa kwa kompyuta ya kazi nikaibadilisha faili yote. Namba nne nikazifanya mistari minne, kila mmoja na jina lake. Rangi ya vichwa vya habari nikaiangalia hivi, nikaona ni kahawia, nikafuta alama zake nikaandika brown. Nikasevu juu ya ile ya zamani. Nilitaka akirudi akute imenyooka, tugombane kidogo, maisha yaendelee.

Dada yake alinipigia siku iliyofuata.

Kwa hivyo mkono wa Wekesa hauko popote kwa hii blogu. Niliufuta mimi, neno kwa neno, nikijiona fundi. Leo nilikuja kumuuliza Mama Atieno kama aliacha nakala huku, maana hapa ndipo alipokuwa anafanyia kazi. Hakuna. Wakati wa vurugu alizificha mashine kwa shemeji yake, zikarudi zimefutwa kila kitu ndani.

Mama Atieno ameniangalia sweta kwa muda mrefu. Kisha akaniambia Wekesa alikuwa analipia nusu saa, anaandika mbio mbio, anaruka kila neno analoweza kuruka, halafu dakika zinazobaki anazimaliza zote kwa rangi moja.

"Nilimwambia, wewe andika brown uende nyumbani," akasema. "Akaniambia, hapana mama, brown ni ya kila mtu. Mimi natafuta ya Mwende." Mwende ni mimi.

Amenionyesha kompyuta ya nne. Pembeni ya skrini, chini ya selotepu, kuna uzi. Ni uzi wa kahawia wa sweta hii. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unafumuka Desemba, nikalalamika, na yeye akauvuta uzi akaukata kwa meno, akautia mfukoni. Nilidhani ni kwa sababu ya kupenda usafi.

Nimelia hapo mbele ya wateja. Mama Atieno amenisogezea kiti, akanifungulia mashine bila kuniuliza nataka muda gani, nami nikamwambia aweke nusu saa kama yake. Saa inahesabu kwa kona ya skrini, inarudi nyuma, na nawaambia ukweli, vidole vyangu vimeanza kuruka maneno vyenyewe. Hakuwa anaringa. Mimi nilikuwa na kompyuta ya wakili kutwa nzima, nikimfundisha mtu wa nusu saa kuandika kwa urefu. Hata siku moja sikumuuliza kwa nini.

Sasa naweka mkono wa sweta kando ya uzi, na najaribu kuipata tena rangi yake. Nimeanza na #a52. Nyekundu mno. #964, imepoa sana. Zikibaki dakika tatu nitaacha, kesho baada ya kazi nitarudi.

Mkiona vichwa vya hii blogu vinabadilika rangi kila siku, msidhani nimechanganyikiwa. Nimefika #a63. Bado si yenyewe.