Chumba cha Skani Ulichokikimbia

Bi Rukia, shikamoo.

Nimetulia kidogo hapo nikingoja uitikie, kwa mazoea. Miaka kumi na mmoja niliingia dukani mwako na hiyo shikamoo, na kila asubuhi ulinijibu, "Marahaba, umechelewa," hata siku nilizowahi. Sasa huu mwaka wa pili nafungua mwenyewe, na hakuna wa kuniambia nimechelewa. Kwa hiyo nachelewa kweli.

Hapa Likoni mambo ni yale yale. Cherehani yako kubwa ipo, nimewakataza watu kuigusa. Kibao cha mlangoni bado kimeandikwa jina lako, mapazia na mapambo ya harusi, na wateja wageni huniita Bi Rukia, nami Kadzo, Mgiriama na mlokole, naitikia tu. Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimepewa kazi ya kupamba hospitalini. Idara ya picha. Ndiyo, ile. Chumba kile kile.

Hebu keti kwanza. Najua umeshasimama.

Nianze na siku ile, maana tangu uondoke sijapata kuisema sawasawa. Mgongo ulikuwa umekusumbua tangu Ramadhani, na daktari akataka uingie kwenye ile mashine ya sumaku, ile ya shimo refu, ambayo mtu hulazwa kitandani akasukumwa ndani apigwe picha ya mifupa na nyama. Nilibaki kwenye benchi na mkoba wako na buibui lako. Haikupita robo saa nikakuona watoka. Umevaa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, mkono mmoja umelishika huko nyuma lisifunguke, mwingine wanipungia kama mtu afukuzaye kuku. "Kadzo, twende zetu. Chumba kile kinanuka." Nami nikadhani ni ule ukaidi wako, maana hata kumbi za harusi ulikuwa ukizinusa kabla hujashusha mizigo. Otieno, yule mtu wa mashine, alikuja nyuma yako akiita, "Mathe, bado, bado," na wewe hata kugeuka.

Na mimi, badala ya kukushika mkono nikurudishe, nilitoka barabarani nikakuitia tuktuk. Dereva alikuwa baba mmoja wa Kidigo, mtu wa adabu zake. Alipoona gauni lile alikataa kabisa kutazama kioo. Aliendesha amekaza shingo, na pale sokoni akakata kona bila kuangalia upande wowote, nusura tumzoe mwuza madafu na toroli lake. Tulicheka hadi nyumbani. Tulicheka wiki nzima. Kila harusi tuliyokwenda kupamba uliniambia, "Kadzo, waonyeshe nilivyotoka," nami nilifunga shuka, nikashika nyuma, nikatembea, na kina mama wakaanguka kwa kicheko.

Miezi minane baadaye uvimbe ulionekana, hospitali nyingine, mashine nyingine, wewe umechomwa dawa ya usingizi hujijui. Daktari alisema umeshaenea. Akasema, wala si kwa ubaya, kwamba lau ungeonekana mapema. Hakumaliza sentensi yake. Mimi ndiye ninayeimaliza kila siku.

Sasa sikiza. Mdogo wako, Bi Zuhura, ameanza mgongo. Mahali pale pale. Ameandikiwa barua ya skani, akaikunja, akaitia chini ya godoro, akalala juu yake mwezi mzima. Binti zake wamembembeleza, mimi nimembembeleza, tumechoka. Jibu lake ni moja: "Rukia alikuwa akiosha maiti wa mji huu peke yake, mlango umefungwa, haogopi. Chumba kilichomtoa mbio Rukia, mimi nikafuate nini humo?" Na hapo nikaaga nikaondoka, maana aliyeieneza hadithi ya kukimbia kwako Likoni nzima ni mimi, kwa miguu yangu na shuka kiunoni.

Ndipo akaja Bwana Kimani, msimamizi wa hospitali, ambaye nilimpambia harusi ya bintiye. Alisema wagonjwa wanatoroka skani, wengine wanaacha hata viatu, na wakubwa wake wanataka chumba cha kuwatuliza watu. Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwomba jambo moja tu, Bi Zuhura atengewe nafasi wiki tatu mbele. Nilijiambia, nikikitengeneza chumba kile, ataingia. Nisipokitengeneza, tutamzika na yeye.

Haya, nikaanza kwa kuharibu.

Bwana Kimani ni mtu wa bara, mpole, msomi, kila wazo lake liko ndani ya simu. Alikuwa amesoma kwamba mgonjwa akitazama maumbile moyo wake hutulia. Neno zuri, sikatai. Lakini maumbile kwake ni simba. Akaleta picha ya simba kubwa kama mlango, ikatundikwa pale watu wanapongojea. Simba mwenyewe amekutazama usoni, hana haraka. Bibi mmoja wa Mtongwe alimkodolea macho, kisha akawauliza waliokuwapo, "Kama huyu ndiye aliye nje, wa ndani yukoje?" Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Simba akatolewa, yakaja maji. Spika ndogo ukutani, sauti ya kijito, chururu chururu, kutwa nzima. Lakini benchi hilo hilo ndilo wanalokaa kina mama wa picha ya tumbo, wale wanaoambiwa wanywe lita nzima ya maji na wasiende msalani hadi waitwe. Bi Rukia, nisikufiche. Saa tano asubuhi nilikuta kina mama tisa wamekaa miguu imepishana, hakuna anayesema na mwenzake, macho yote kwenye mlango wa choo. Mmoja, mja mzito, akanyanyuka polepole, akaifikia spika, akaing'oa kwa mkono wake. Hakuna aliyemlaumu, hata Bwana Kimani.

Wala usidhani mimi nilikuwa bora. Najua harusi, basi nikafanya harusi. Viti nikavivika vitambaa na fundo la dhahabu kwa nyuma, mlango nikauzungushia maua. Mzee mmoja aliyekuja kupigwa picha ya goti akamwuliza mwanawe pilau inatolewa saa ngapi.

Nilirudi dukani nimejikasirikia, nikakaa kwenye kiti chako, na maneno yako yakanijia. Kabla hatujatundika hata kitambaa kimoja ulikuwa ukiniambia, "Nenda kakae pale atakapokaa bibi harusi, kisha uje uniambie waona nini." Na mimi wiki nzima nilikuwa nikipamba kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni. Mgonjwa hasimami mlangoni. Mgonjwa amelala chali.

Asubuhi nikamwomba Otieno anilaze. Akanisimamisha kizingitini, kwa sababu sumaku ile haizimwi wala haitaki chuma karibu yake. Akaniambia nitoe vyuma vyote. Nilitoa pini kumi na nne kifuani, tatu kwenye kitambaa cha kichwa, sindano moja begani niliyokuwa nikiitafuta tangu Jumatatu, mkasi, na futi yangu kwa ajili ya kile kibati cha mwishoni. Kisha akaniuliza, anatazama sakafu, kama sidiria yangu ina waya. Nikaenda kuivua. "Mathe," akasema, "we ni duka la hadiwea linatembea."

Nikalala. Kitu cha kwanza, juu yangu kulikuwa na dari lenye doa la maji, na ndilo pambo pekee mgonjwa analoliona. Upepo wa baridi ulinipiga nyayo. Otieno alitoweka bila kuaga, kisha nikamsikia anasema kutoka ukutani kama jini, kumbe yuko nyuma ya kioo na kipaza sauti. Muuguzi akaja na shuka la bafta, jeupe pe, akanifunika toka miguuni hadi kidevuni. Nikavuta pumzi.

Karafuu maiti.

Nilijua pale pale. Mimi Mkristo sijawahi kuosha maiti wa Kiislamu, lakini ni nani aliyekuwa akikushikia bafta ukikata sanda kwenye meza yetu ya mapazia, kila ulipoitwa msibani? Na kile kikopo chako cha karafuu maiti ya kutia kwenye sanda kilikaa juu ya rafu ya nyuzi, hata mapazia ya watu yakawa yananuka. Basi nikalala pale nikakufikiria. Umelazwa chali, umefunikwa bafta, harufu ile puani, na mtu anakusukuma shimoni. Wewe uliyewafanyia wenzako hivyo miaka thelathini. Mimi ningetoka hata bila gauni.

Ulisema chumba kinanuka. Uliniambia kwa kinywa chako, nami sikukuuliza kinanuka nini. Nililia kwenye kitanda kile hadi machozi yakaingia masikioni, na Otieno, masikini, akasema ukutani, "Mathe, hata sijawasha."

Kumbe mama wa usafi alikuwa akiweka vipande vya karafuu maiti kwenye kabati la mashuka ili kufukuza mende. Miaka yote hiyo. Nilipomweleza Bwana Kimani alishangaa, kwao ni dawa ya wadudu tu na ya kuwekea sweta. Kisha nikamweleza vizuri, polepole, mtu wa pwani anaona nini na ananusa nini akilazwa pale. Akavua miwani. "Na sisi tulikuwa tukiandika kwamba wamekataa matibabu," akasema.

Tukafanya kazi. Bafta zote zimeondoka, mashuka sasa ni ya rangi ya majani mabichi, yanafuliwa yakaanikwa juani. Mgonjwa akitaka kujifunika anakuja na leso yake kutoka nyumbani. Magauni nimeyashona upya, yanafungwa ubavuni, nyuma pamefunikwa na heshima ipo. Mapazia ya kubadilishia nguo hayana pete wala kulabu, ni vitanzi vya kitambaa kwenye fito za mbao, nimevishona kwa mkono vidole vikafa ganzi. Doa la dari limezibwa, na pale juu pana picha yenye taa, majani ya mwarobaini kama uyaonavyo ukilala mkekani uani. Otieno naye nimemfundisha adabu. Siku hizi anataja jina lake, anakwambia mlio utagonga kama fundi wa mabati kwa dakika ngapi, na haendi nyuma ya kioo bila kuaga.

Ikafika siku ya Bi Zuhura. Nilikuwa nimemweleza ile karafuu maiti, akakubali kuja kujinusia mwenyewe, na leso tatu na uso umekunjwa. Alinusa mlango. Akanusa pazia. Akamnusa Otieno. Akamwuliza mamake anaitwa nani, na kama amekula. Kisha akapanda kitandani mwenyewe, nami nikamtazama kutoka nyuma ya kioo.

Kosa langu la mwisho likawa muziki. Kuna visikizio vya kuziba ule mlio, nami nikamwekea taarabu, nikiona nimempa raha. Dakika ya tano Otieno akainamia kipaza sauti, "Mama Zuhura, mabega." Akarudia, "Mama, mabega yanacheza, picha inaharibika." Na sauti ikatoka shimoni, "Si mimi mwanangu, ni huyu mpiga fidla." Ilibidi tuanze upya bila muziki, Otieno akimhesabia dakika moja moja. Alizikaa zote. Zote, Bi Rukia, hakutikisa hata kidole.

Alipotolewa aliketi ukingoni mwa kitanda, leso begani, akakiangalia chumba kizima. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni hili tu, Kadzo? Ni hili tu lililomuua dada yangu?"

Niliketi kando yake tukalia, sote wawili, na Otieno akatuacha ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Uvimbe upo. Nakwambia kama ulivyo, sikufichi. Upo pale ulipokuwa wako, lakini haujaenda popote. Daktari aliniwekea ncha ya kalamu juu ya picha, na ile ncha ikaufunika wote. "Tumewahi," akasema. Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta nikakukasirikia wewe, wallahi, nikiazima kiapo chako, kisha nikajikasirikia mimi zaidi. Nilikupenda sana na nilikuacha uende, kwa sababu ulikuwa ukinifurahisha. Nisamehe, mwalimu wangu.

Bi Zuhura anafanyiwa upasuaji Jumatatu. Vituko ameshavianza. Anasema daktari wake ana vidole vya kuchambulia dagaa, na kwamba hatalala katika wodi ya watu wanaokoroma kabla hajawasikia kwanza mmoja mmoja. Binti zake wanacheka, nami nacheka hadi naishika meza, maana anachekesha kama wewe.

Kwaheri, Bi Rukia. Mola wako na wangu akuweke palipo na nafasi na upepo mzuri. Mimi Jumatatu nimefunga duka. Nitakwenda naye hadi mlango wa mwisho wanaoniruhusu, na akigeuka kutaka kuondoka, nakuahidi, sitamwachia mkono kwa kuwa tu ametuchekesha.

Mwanafunzi wako,
Kadzo