Ninaharibu Ziwa Ili Delphine Aniandikie

Mama Chabu wa gazeti, salamu. Naleta kwako shida yenye nashindwa kumwambia mutu hapa Kashikishi, juu watanicheka.

Niko Mukongomani huku ng'ambo ya ziwa, natumika kwenye ofisi ya parokia, na kwa ordinateri yao nimetengeneza mchezo wa video, mutumbwi unavusha samaki ziwa la Mweru kabla hawajaoza, nimeuza sehemu ya kwanza kwa disketi, na wateja wangu kumi na mumoja nimewakusanya katika kikundi cha kuandikiana kwa internet, kila Jumamosi nawatumia kipande kipya nao wananiambia kizuri ni nini na kibaya ni nini. Mumoja ni Delphine, mutoto wa Lukonzolwa, upande wa Kongo, yuko Ubelgiji miaka kumi na moja sasa. Alikuwa kimya mpaka siku nilipokosea kweli, niliweka mizani kwenye soko la mchezo, akaniandikia ukurasa muzima: nani amekwisha kuona chisense, vile visamaki vidogo, vinapimwa kwa kilo? Vinapimwa kwa kopo, na mama muuzaji anaongeza matabishi ya bure, mukono mumoja, juu yake! Mama, niliisoma ile mesaje mpaka padri akaja kuzima ordinateri. Nikasahihisha, akanyamaza. Nikamungojea Jumamosi tatu, moyo unauma, basi nikaanza kukosea kwa makusudi, nikapanda minazi hapa Nchelenge, kwenye munazi hauoti, nikafanya jua lichomoze upande wa Kongo, kule linakozama, na kila kosa alinijibu, mara kwa hasira, mara kwa kicheko, nami mwaka muzima nikawa naishi kwa ile Jumamosi tu. Wateja wengine wanalalamika mchezo unaharibika. Juma lililopita Delphine aliandika: "Nilifikiri nimepata mutu wa kwetu. Wewe haujaona lile ziwa hata siku moja. Ondoa jina langu kikundini." Nimemupenda, Mama, na sura yake siijui. Nimwambie ukweli, ama niweke kosa lingine kubwa zaidi, akasirike, abaki?

Ghislain, Kashikishi, 1999

Ghislain mutoto yangu, ni mimi Mama Chabu, barua yako niliwasomea wenzangu hapa ofisi ya gazeti. Tulicheka, halafu tukaisoma tena.

Kosa lingine? Akili yako iko wapi? Uliomba watu maoni, wakakupa kwa moyo safi, na wewe ukayafanya chambo. Mwaka muzima unaandikiana na mwanamuke, na haujui kama ana bwana, haujui kama mama yake yuko hai. Unajua tu namna anavyokasirika. Kungoja mutu kunakula roho, nami nimengoja, hiyo sikukatalii. Lakini zile kurasa hakukuandikia wewe. Alikuwa anatembea sokoni kwao, kwa njia moja tu yenye amebaki nayo, na kila Jumamosi ulimuharibia.

Sasa sikia. Jumamosi hii andikia kikundi chote, taja kila kosa la makusudi, useme ulifanya juu ya nini. Usijitetee. Rekebisha mchezo. Jina lake uliondoe kama alivyoomba. Mapenzi usiyataje kwanza.

Tena, vita imefukuza watu wa Lukonzolwa, wanashuka kwenye mitumbwi pale pale kwenu na mizigo kichwani, na wewe umekaa ndani unahamisha jua. Enda ufukoni. Tafuta mutu anayejua ukoo wa Delphine, uandike majina ya walio hai, umutumie peke yake, bila swali, bila kuomba jibu. Hata kama hatakuandikia tena, umutumie.